Kubadili Kanuni Pasipo Mwenyekiti

Hotuba kwa mkutano wa kamati za parokia na wafadhili, imefupishwa kidogo kwa ajili ya jarida hili.



Tunajua wapo walioiona mada hii kwenye ratiba wakaguna, maana katika mikutano yetu tumezoea kuzungumzia visima, zahanati na ada za wanafunzi. Sababu ya kuileta ni hii. Baadhi ya wafadhili wanatuuliza iwapo tunaweza kupokea mchango kwa Bitcoin au kwa ether. Na baadhi ya vijana wetu wanavishawishi vikundi vya kuweka na kukopa vihamishie akiba huko, wakisema kwamba mtandao ule hauna mwenyewe, hivyo hakuna mtu awezaye kugeuza kanuni usiku na kutoweka na fedha za watu.

Leo hatumshawishi mtu anunue, wala hatumkatazi. Tumekuja na swali ambalo kamati yoyote makini hujiuliza kabla ya kujiunga na chombo cha fedha. Kanuni zikihitaji kubadilishwa, nani anapendekeza, nani anaamua, na yule asiyekubali anafanywaje?

Mambo ya vikundi mnayajua kuliko sisi. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na katiba imeandikwa kwenye daftari. Riba ya mkopo ikionekana kuwa kubwa mno, mwanachama husimama kwenye mkutano, hoja huungwa mkono, mikono huhesabiwa, katibu huandika. Hesabu hiyo inawezekana kwa sababu orodha ya wanachama ipo. Tuko thelathini, akidi imetimia, ishirini na wawili wamekubali. Sasa chukulieni kikundi kisicho na orodha, kisicho na mwenyekiti, ambacho wanachama wake wametawanyika duniani kote na wengi wao hawatumii majina yao halisi. Mtu mmoja anaweza kujifanya watu elfu. Mtahesabu mikono ya nani?

Hiyo ndiyo hali ya mtandao wa blokucheni. Hata hivyo kanuni zake zimebadilishwa mara nyingi, na namna zilivyobadilishwa ina mengi ya kutufundisha, mazuri na mengine ya kutia wasiwasi.

Daftari lenye nakala kila mahali

Blokucheni ni daftari la hesabu. Kurasa zake zimefungamanishwa hivi kwamba ukifuta mstari mmoja katika ukurasa wa zamani, kurasa zote zinazofuata zinakusuta. Tofauti yake na daftari la katibu wetu ni kwamba halikai mahali pamoja. Maelfu ya kompyuta katika nchi nyingi zinatunza nakala, na kila moja inakagua ukurasa mpya kabla ya kuupokea. Kwenye Bitcoin ukurasa mpya huongezwa kila baada ya dakika kumi hivi. Wanaouandaa huitwa wachimbaji; wanashindana kwa mashine na umeme, na anayeshinda hulipwa sarafu mpya pamoja na ada za wanaotuma fedha.

Na kanuni ziko wapi? Ziko ndani ya programu inayoendeshwa na kila kompyuta. Programu ndiyo inayosema ukurasa uwe na ukubwa gani, sarafu ngapi zitolewe, na sahihi ya namna gani ikubalike. Kwa hiyo kubadili kanuni maana yake ni maelfu ya watu wasiojuana kukubali, kila mmoja kwa hiari yake, kuweka programu mpya kwenye mashine yake. Hakuna awezaye kuingia nyumbani kwa mwenzake akamwekea. Nguvu ya mfumo huu iko hapo, na ugumu wake pia.

Bitcoin ilianza kazi tarehe 3 Januari 2009. Aliyeibuni alijiita Satoshi Nakamoto, na hadi leo hajulikani kwa uhakika ni nani. Kufikia 2011 alikuwa amejiondoa. Wakabaki watengeneza programu wachache waliokuwa wakijitolea, na mawazo mengi ya maboresho ambayo kila mtu aliyatoa kivyake, leo hapa, kesho pale, bila kumbukumbu.

Andiko na muhuri wa masjala

Mwezi Agosti 2011 mmoja wa watengeneza programu hao, Amir Taaki, aliandika waraka wa kueleza jinsi pendekezo la kuboresha Bitcoin litakavyoandikwa na kujadiliwa. Waraka wenyewe ukapewa namba 1, ukaitwa BIP 1. Hakubuni kila kitu mwenyewe. Utaratibu aliuchukua kwa jumuiya ya lugha ya programu iitwayo Python, iliyokuwa nao tangu 2000. Na mazoea ya namna hiyo yana mizizi ya mbali zaidi, kwa wale waliokuwa wakiunganisha kompyuta za vyuo vikuu vya Marekani mwaka 1969. Mmoja wao, Steve Crocker, alikuwa bado mwanafunzi. Kwa kuwa hakuna aliyewapa mamlaka ya kutoa amri, nyaraka zao waliziita Maombi ya Maoni. Intaneti yote tunayoitumia leo imejengwa juu ya maombi hayo ya maoni.

Wanakamati mnaoandika maandiko ya miradi hamtaona kitu kigeni katika mfumo wenyewe. Kwanza mtu analitoa wazo lake hadharani ili aone kama lina uzito, au kama lilishajadiliwa zamani likashindwa. Likionekana lina maana, anaandika rasimu. Anaeleza tatizo ni nini, badiliko analolitaka ni lipi kwa undani wa kutosha hata mwingine aweze kulitengeneza bila kumwuliza, kwa nini amechagua njia hii na si ile, na wale watakaobaki na programu ya zamani watapatwa na nini. Anawajibika pia kukusanya pingamizi na kuzijibu. Kisha mhariri anakagua kama andiko limekamilika na linaeleweka, analipa namba, linawekwa mahali ambapo kila mtu analisoma.

Hapa tunaomba msikilize vizuri, maana ndipo wengi wanapodanganyika. Namba si kibali. Mhariri haulizwi kama pendekezo ni zuri. Mnaujua ule muhuri wa masjala ulioandikwa IMEPOKELEWA. Mtu anautoa ofisini na nakala yake imegongwa, anafika kijijini na kutangaza kwamba serikali imekubali. Muhuri ule unasema barua imefika tu. Vivyo hivyo, mtu akikuonyesha kwamba jambo fulani lina namba ya BIP, amekuonyesha kwamba liliandikwa vizuri. Yapo mapendekezo mengi yenye namba ambayo hayakutumika kamwe, na yanaendelea kutunzwa pamoja na sababu zake, ili atakayekuja na wazo lile lile baada ya miaka asianze upya.

Mtandao wa Ethereum, ulioanza Julai 2015, ulichukua utaratibu huo huo na kuuongezea. Mapendekezo yake huitwa EIP. Andiko linapita hatua ya rasimu, kisha mapitio, kisha mwito wa mwisho ambao kwa kawaida ni siku 14 za watu kusema neno lao kabla mlango haujafungwa. Likikaa miezi sita bila mwandishi kulishughulikia linahesabiwa kuwa limedumaa. Na halifiki mwisho bila sehemu inayoeleza hatari za kiusalama. Sisi tungependa sana kuona sehemu hiyo katika maandiko ya miradi yetu. Mara nyingi tunajaza faida kurasa tatu, na hatari tunaipa mistari miwili.

Mabadiliko yanayogusa kanuni za msingi za Ethereum hujadiliwa katika mikutano ya watengeneza programu wakuu, inayofanyika kwa njia ya mtandao na kurushwa hadharani. Anayetaka kusikiliza anasikiliza. Huko hawapigi kura. Wanajadiliana mpaka pingamizi nzito zijibiwe au pendekezo liwekwe kando. Ni kazi ya kuchosha, na wapo wanaolalamika kwamba mwenye subira ndiye anayeshinda.

Mwaka 2017: nani mwenye neno la mwisho

Utaratibu wa maandishi ni jambo moja. Mvutano ukija ndipo nguvu halisi inapojulikana ilipo, na Bitcoin ilipita katika mvutano wa namna hiyo kuanzia 2015 hadi 2017.

Ukurasa wa Bitcoin ulikuwa na kikomo cha megabaiti moja. Watumiaji walipoongezeka, kurasa zikajaa, ada zikapanda. Kundi moja lilitaka kurasa ziongezwe ukubwa moja kwa moja. Kundi la pili lilijibu kwamba kurasa kubwa zitahitaji kompyuta kubwa na intaneti ya gharama, hatimaye watakaoweza kutunza na kukagua daftari watakuwa makampuni tu, na maana yote ya mtandao usio na mwenyewe itakuwa imepotea. Hoja zote mbili zilikuwa na uzito. Wanakamati waliowahi kubishana kama michango ya mwezi ibaki ndogo ili maskini wasiachwe, au ipande ili mradi ukamilike, wanaujua ubishi wa aina hii.

Mwezi Desemba 2015 likaandikwa pendekezo namba 141, lililoitwa SegWit, la kupanga upya yaliyomo ndani ya ukurasa ili nafasi ipatikane bila kuwavunjia wenye programu ya zamani. Ilikubaliwa kwamba lingeanza kutumika pale ambapo asilimia 95 ya kurasa katika kipindi cha kama wiki mbili zingebeba alama ya kuliunga mkono. Alama hiyo huwekwa na wachimbaji. Miezi ikapita, wachimbaji wengi hawakuweka alama. Kipimo kilichokusudiwa kuonyesha utayari kikawa turufu ya kuzuia.

Mwezi Mei 2017 makampuni zaidi ya 50, yakiwa na wachimbaji wenye zaidi ya asilimia 80 ya nguvu ya mashine, yalikutana New York na kupatana: SegWit ipite, na baada ya miezi michache ukubwa wa ukurasa uongezwe mara mbili. Kwa mtazamo wa kawaida jambo lilikuwa limekwisha. Wenye mashine wamekubaliana, wenye biashara wamekubaliana, nani abaki?

Walibaki watumiaji wa kawaida wenye nakala za daftari. Miezi miwili kabla ya mapatano hayo, mtu asiyejulikana kwa jina lake halisi alikuwa ameandika pendekezo namba 148. Lilisema kwamba kuanzia tarehe 1 Agosti 2017, kompyuta za wale watakaokubali zingekataa ukurasa wowote usio na alama ya SegWit. Yaani mchimbaji aandae ukurasa wake kwa gharama ya umeme wake, halafu watu wamwambie hawaupokei. Hao hawakuwa wengi kwa kipimo cha mali. Lakini mchimbaji hulipwa kwa sarafu, na sarafu zilizoandikwa kwenye ukurasa uliokataliwa na watu hazinunui kitu kwao. Wachimbaji wakaweka alama. SegWit ikaanza kutumika tarehe 24 Agosti 2017. Kundi lililotaka kurasa kubwa lilikuwa limejitenga tarehe 1 Agosti na kuanzisha mtandao wake, Bitcoin Cash, ambao upo hadi sasa. Na ile sehemu ya pili ya mapatano ya New York, ya kuongeza ukubwa mara mbili, waandaaji wenyewe waliifuta tarehe 8 Novemba 2017 kwa sababu waliona haina muafaka wa kutosha.

Tunalisimulia hili kwa kirefu kwa sababu linajibu swali letu kwa namna ambayo haimo katika BIP 1. Mwandishi hupendekeza, mhariri hupokea, mtengeneza programu hutengeneza, mchimbaji huandaa kurasa, lakini mwenye nakala yake anayo haki ya kukataa. Haki hiyo haimwezeshi kulazimisha wengine. Inamwezesha asilazimishwe.

Miaka minne baadaye badiliko jingine kubwa, Taproot, lilipita kwa utulivu. Lilitolewa kama wazo mwanzoni mwa 2018, likaandikwa katika mapendekezo matatu, namba 340 hadi 342, kipimo kikashushwa hadi asilimia 90, likaanza kutumika tarehe 14 Novemba 2021. Karibu miaka minne kwa badiliko ambalo halikuwa na wapinzani wakubwa! Wapo wanaoona ni ukawaida mno. Kwa daftari linalobeba fedha za watu, sisi tunauona mwendo huo kuwa wa busara.

Fedha zilizochotwa

Mfano wa Ethereum una uchungu zaidi. Kwenye mtandao huo mtu anaweza kuweka mkataba unaojiendesha, yaani programu inayokaa ndani ya daftari na kutekeleza masharti yake bila karani. Mwezi Mei 2016 mfuko ulioitwa The DAO ulikusanya kwa njia hiyo ether zenye thamani ya takriban dola milioni 150 za Marekani. Waliochangia ndio wangepigia kura miradi ya kufadhiliwa. Hakukuwa na bodi wala mkurugenzi, na mkataba ndio ungekuwa sheria.

Tarehe 17 Juni 2016 mtu asiyejulikana aliona mwanya ndani ya mkataba. Mfuko ulikuwa unalipa kwanza na kurekebisha hesabu baadaye, naye akapanga maombi yake hivi kwamba alilipwa tena na tena kabla hesabu haijarekebishwa. Akachota ether milioni 3.6, zilizokuwa na thamani ya zaidi ya dola milioni 50 kwa bei ya wakati ule. Nafuu moja ilikuwepo: masharti ya mfuko wenyewe yalizizuia fedha hizo kwa takriban wiki nne kabla hajaweza kuzitumia.

Ndipo jumuiya ikagawanyika. Wengi walisema huu ni wizi, walioumia ni maelfu, na uwezo wa kurudisha fedha upo. Basi kanuni ibadilishwe mara moja, fedha zirudi kwa wenyewe. Wengine walisema: mliwaambia watu kwamba mkataba ndio sheria. Huyu amesoma mkataba kuliko walioutunga. Mkilifungua daftari leo kwa sababu walioumia ni wengi na wana sauti, kesho mtalifungua kwa ajili ya nani, na atakayeumia peke yake bila wa kumsemea mtamfungulia?

Iliendeshwa kura ya haraka ambayo kila mtu alihesabiwa kwa wingi wa ether zake. Takriban asilimia 87 ya zilizopigiwa kura zilikubali. Lakini ether zilizoshiriki hazikufika hata moja ya kumi ya zote zilizokuwepo. Tarehe 20 Julai 2016 badiliko likafanyika na fedha zikarudishwa. Waliokataa waliendelea na programu ya zamani, na daftari lao, ambamo fedha zile zimebaki zilikochotwa, linaendelea hadi leo kwa jina la Ethereum Classic.

Sisi tusingependa kuwa katika nafasi ya waliolazimika kuamua. Tunaona huruma ndani ya uamuzi ule. Lakini siku 33 kutoka wizi hadi badiliko ni chache mno, na andiko rasmi la kueleza kilichofanyika, EIP-779, liliwekwa mwaka 2017, baada ya mambo kuwa yamekwisha. Badiliko zito kuliko yote ndilo lililopita bila andiko. Katika parokia pia, dharura ndiyo inayoruka utaratibu, na kila mtu husema safari hii ni tofauti.

Safari ya pili ilikuja. Mwezi Novemba 2017 mtumiaji mmoja alizima mkataba uliokuwa ukitegemewa na pochi nyingi za pamoja, na ether zaidi ya 513,000 katika pochi 587 zikafungika. Hakuna aliyeziiba, ziko pale pale, zinaonekana, ila hazitoki. Mwezi Aprili 2018 likaletwa pendekezo EIP-999 la kuzifungua. Safari hii andiko lilikuwepo na mjadala ulikuwepo. Katika kura ya wenye sarafu asilimia 55 ya zilizopigwa zilikataa, na pendekezo halikutekelezwa. Mapema mwaka huo mhariri mmoja wa mapendekezo alijiuzulu kwa kuhofia kwamba kushughulikia maombi ya kurudisha fedha kungemwingiza katika makosa ya jinai nchini kwake Japani. Hata kazi ya kugonga muhuri wa IMEPOKELEWA ina uzito wake.

Kwa nini wa 2016 walirudishiwa na wa 2017 wakanyimwa? Mtandao ulikuwa umekua, na watu walikuwa wameuona uchungu wa kugawanyika. Lakini pia mfuko wa 2016 ulikuwa umemeza takriban asilimia 14 ya ether zote, hivyo hasara yake iliwagusa wengi katika jumuiya iliyokuwa bado ndogo. Mwenye hasara peke yake ana jirani wachache wa kumpigia kelele.

Nani anasikika

Tusije tukaondoka tukidhani kwamba kwa kuwa mlango uko wazi, wote wameingia. Kila mtu anaweza kuandika pendekezo. Lakini lugha ya mapendekezo ni Kiingereza, tena Kiingereza cha wahandisi. Anayeweza kulifuatilia andiko miaka mitatu ni yule anayelipwa kufanya hivyo, au ambaye chakula chake hakitegemei siku ya leo. Mama muuza mboga anayetumiwa fedha na mwanawe aliyeko Ulaya kwa njia hii hayumo kwenye mjadala kuhusu ada, ingawa ada inamgusa kuliko wanaojadili.

Mitandao mingine imejaribu kuweka kura ndani ya daftari lenyewe. Cardano ni mfano ulio karibu nasi. Pendekezo lake CIP-1694 liliweka vyombo vitatu vya kuamua: wawakilishi wanaokabidhiwa kura na wenye sarafu, waendeshaji wa mitambo, na kamati inayoangalia kama hoja inalingana na katiba. Katiba hiyo ilijadiliwa kwanza katika warsha zilizofanyika katika nchi zaidi ya 50, kisha Desemba 2024 wajumbe wakakutana kwa wakati mmoja katika miji miwili, Buenos Aires na hapa jirani Nairobi. Imekuwa ikitumika tangu Februari 2025. Tuna heshima kwa jitihada hiyo. Ila kura za wawakilishi zina uzito wa sarafu walizokabidhiwa. Kwenye kikundi chetu mjane mwenye hisa moja na mwalimu mwenye hisa tano wananyoosha mkono mmoja mmoja katika jambo la katiba. Kule, mwenye sarafu elfu ana mikono elfu.

Wenye uzito nao hushindwa, tuseme haki. Mwaka 2019 likaletwa EIP-1559, la kubadili namna ada zinavyotozwa kwenye Ethereum na kuteketeza sehemu kubwa ya ada badala ya kumpa mchimbaji. Wachimbaji wengi walilipinga waziwazi. Lilipita tarehe 5 Agosti 2021. Na tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum iliacha kabisa uchimbaji, matumizi yake ya umeme yakapungua kwa zaidi ya asilimia 99, na kazi ya wachimbaji wale ikaisha.

Kwa wafadhili tuongeze neno moja. Si kila kitu kinachoitwa blokucheni kina utaratibu huu. Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza 2017 kutumia mfumo wa namna hiyo kwa wakimbizi wapatao 10,000 wa Syria katika kambi ya Azraq, Jordan. Ulikuwa mfumo wa ndani wa shirika, uliotokana na programu za Ethereum, na mwenye kubadili kanuni alikuwa shirika. Ulipunguza gharama za benki, na hilo ni jema. Lakini mkimbizi hakuwa na nakala ya daftari wala namba ya pendekezo. Hatusemi hivyo kwa kulaumu; tunasema ili mtu akileta andiko lenye neno hilo, mwulize ni daftari la aina gani.

Turudi kwa vijana wetu na vikundi. Kusema kwamba hakuna awezaye kubadili kanuni si kweli. Tumeona zikibadilishwa mwaka hadi mwaka. Lililo kweli ni kwamba mwenye kuendesha nakala yake mwenyewe hawezi kubadilishiwa kwa nguvu. Sasa wangapi kati ya wanakikundi wataendesha nakala yao? Karibu wote watatumia simu na kampuni ya kubadilishia fedha. Hapo haki ya kukataa imehamia kwa kampuni. Mtandao ulipogawanyika Agosti 2017, baadhi ya makampuni yaliwatangazia wateja kwamba hayatawapa sarafu za upande wa pili, na wateja hawakuwa na la kufanya ila kuhama mapema au kungoja. Kikundi kinachotaka kuweka akiba huko kijiulize kwanza nani atashika nakala, nani atashika funguo, na mgawanyiko ukitokea nani atachagua upande kwa niaba ya wanachama, tena ameandikwa wapi. Kama majibu hayamo kwenye daftari la kikundi, sanduku la kufuli tatu libaki mahali pake.

Kuhusu michango, UNICEF ilifungua Oktoba 2019 mfuko wa kupokea, kutunza na kutoa bitcoin na ether, kwa hiyo ombi la wafadhili wetu si la ajabu. Kamati ya fedha itaandaa rasimu ya utaratibu na kuituma kwa kila parokia kabla ya toleo lijalo. Tunaomba isomwe kwenye vikao vya jumuiya, si kwa mwenyekiti na katibu tu. Maoni yaandikwe, kwa Kiswahili cha kawaida. Pingamizi nazo ziandikwe pamoja na sababu zake, nasi tutazichapa kama zilivyo, zikubaliwe au zisikubaliwe.